Harusi Desemba, Dar: ukumbi wa ndani au bustani ya ufukweni? Nawaza picha

Bi Harusi Mtarajiwa
Wadau, salaam. Naolewa Desemba, Jumamosi, hapa Dar. Ibada saa 8 mchana, wageni 250, sherehe saa 1 usiku (kadi itaandika saa 12 jioni, tunajuana).

Kamati imebakiza sehemu mbili. Moja ni ukumbi maeneo ya Sinza: viyoyozi, dari nyeusi, na zile taa za zambarau zinazozunguka. Nyingine ni bustani Mbezi Beach, minazi, bahari hiyo hapo. Bei zinakaribiana. Moyo wangu uko bustanini kwa sababu ya picha. Nimeshajiona kabisa nimesimama na shela, jua linazama baharini nyuma yangu. Mama hataki hata kusikia: "Desemba uniweke nje na kitenge changu kipya?" Mpiga picha naye kagoma kutoa bei mpaka nichague. Kikao ni Jumapili, nisaidieni.

Mtoto wa Forodhani
Hongera dada. Ila nikukate stimu mapema: Mbezi Beach jua halizami baharini. Pwani yenu inatazama mashariki, jua linachomoza majini na kuzamia juu ya mabati ya Goba. Ukitaka lizame baharini, panda boti uje Unguja, upande wa magharibi, hapa Forodhani au Kendwa. La sivyo uolewe alfajiri.

Bi Harusi Mtarajiwa
Jamani! Nimezaliwa Dar, nimekulia Dar. Nimecheka peke yangu kwenye daladala, konda kanishangaa.

Picha Mnato
Nimepiga picha za harusi miaka 9. Wewe unauliza ndani au nje, mimi nakuuliza saa ngapi.

Desemba hapa Dar jua linazama kama saa 12:35 jioni, na baada ya dakika 20 hivi giza limeshika. Sherehe yako inaanza saa 1, kwa hiyo hiyo minazi na bahari unayoilipia haitatoka kwenye picha hata moja. Nyuma yako patakuwa peusi tii, uwe Mbezi, uwe Mbagala.

Halafu kuna suala la flashi. Ukumbi wenye dari nyeupe isiyo juu sana ni raha: flashi naielekeza juu, mwanga unagonga dari na kurudi usoni kwa upole. Nje mwanga unapaa moja kwa moja, haurudi. Na hiyo dari yako nyeusi inaumeza vilevile, kwa hiyo kote kuwili mpiga picha lazima aje na taa za stendi na msaidizi. Nadhani ndiyo hesabu mwenzangu anayoipiga kabla hajakutajia bei.

Kinachonikera zaidi kwenye kumbi zetu ni hizo taa za zambarau. Taa ya LED ya zambarau imechanganya bluu na nyekundu basi, rangi nyingine haina. Ngozi nyeusi chini yake inapoteza rangi yake yote ya udongo, mtu anabaki kama sanamu ya plastiki, na hata nikikaa kwenye kompyuta mpaka asubuhi siwezi kurudisha rangi ambayo haikuwepo. Ongea na mtu wa mapambo na DJ: tangu mnaingia mpaka keki ikatwe, usoni pawe na taa nyeupe yenye unjano kidogo. Zambarau waielekeze ukutani. Muziki wa kucheza ukianza wafanye watakavyo.

Mhanga wa Turubai
Sisi tulifanya nje, tena mchana, chini ya turubai la kijani. Mama mkwe wangu kwenye albamu amekuwa wa kijani kama kala muhogo mchungu. Ukienda nje dai turubai jeupe, usikubali rangi nyingine hata wakikupa bure.

Na huo ni msimu wa vuli. Kwetu ilinyesha asubuhi, mchana jua kali, ila nyasi zilibaki laini. Visigino vilizama, kila picha nimeinama upande mmoja. Upepo wa kaskazi nao ulikuwa umeanza: matroni wangu hakula, siku nzima kashika shela.

Kamati ya Chakula
Mimi ya picha siyajui. Nje pilau inapoa haraka na mbu wanakula wageni. Kura yangu ndani.

Mama Kijacho
Napinga kidogo. Picha za ukumbini zinafanana zote, ukiondoa sura huwezi kujua harusi ya nani. Sisi tulifunga ndoa saa 4 asubuhi, sherehe saa 9 mchana chini ya miembe, saa 12 tumemaliza. Picha zangu mpaka leo watu wanaziulizia. Kasoro moja tu: wajomba waliokuja saa 2 usiku kama walivyozoea walikuta viti vinapakiwa kwenye fuso.

Picha Mnato
Mama Kijacho uko sahihi, kivuli cha mwembe hakina mpinzani. Mleta uzi, ibada inasogezeka?

Bi Harusi Mtarajiwa
Haisogei, siku hiyo zimepangwa ndoa tatu. Tutatoka kanisani kama saa 10.

Picha Mnato
Basi una dili nzuri tu. Picha za ukoo zipigwe palepale kanisani, upande wenye kivuli, kabla shangazi hawajatawanyika. Halafu nyie wawili na wasimamizi mtafute sehemu ya nje karibu, msikimbilie Mbezi na foleni ya Jumamosi. Saa 11 na nusu mpaka saa 12 na nusu mwanga unakuwa laini, dakika 40 zinatosha. Mkichagua ufukwe, ulizia kwanza maji yanajaa saa ngapi siku hiyo, nimeshafika na maharusi nikakuta hakuna mchanga wa kusimama. Droni msahau kama mwenye nayo hana kibali cha TCAA, wale wa mamlaka ya usafiri wa anga. Usiku ingieni ukumbini.

Bi Harusi Mtarajiwa
Mrejesho. Jana usiku nimeenda ukumbini na Mama. Nikaomba wazime zambarau, meneja kahangaika kutafuta swichi kama dakika kumi, inaonekana hajawahi kuombwa. Taa nyeupe zipo sita juu ya jukwaa, mbili zimeungua, kaahidi kubadilisha na nimemwandikisha. Nikampiga Mama picha kwa simu amesimama pale, kavaa kile kitenge makusudi. Kaikuza, akaangalia, akasema, "Hii rangi ndiyo niliyoinunua." Kwa hiyo Sinza.

Mpiga picha ametaja bei. Hiyo nitaifungulia uzi wake.