Mjadala: Tuhesabu vyeo na uhamisho wa majaji, au tuwaache wafanye kazi?

Mtoa mada

Wakuu, heshima kwenu. Ufaransa tangu Machi 2019 ina sheria inayokataza kuchukua majina ya majaji kwenye hukumu zilizo wazi na kuyatumia kuchambua, kulinganisha au kutabiri mwenendo wao wa kazi. Ukikaidi, kifungo kinaweza kufika miaka 5. Hoja ya wanaoiunga mkono ni kwamba jaji anayehesabiwa ni jaji anayetishwa. Mimi naipinga, na ushahidi wangu uko Japani.

Kule jaji huingia kazini akiwa kijana, kwa muhula wa miaka 10 unaoweza kurudiwa, na kila baada ya miaka michache anahamishwa. Anayepanga uhamisho ni Sekretarieti Kuu ya Mahakama ya Juu. Kwa hiyo hakuna haja ya kumfukuza mtu. Mmoja anapelekwa Tokyo, mwingine tawi dogo la mahakama huko pembezoni, na ukiuliza unaambiwa ni uhamisho wa kawaida. (Watumishi wa umma mliowahi kupokea barua ya "kwa manufaa ya umma" mnanielewa.)

Wasomi wawili wa Marekani, Mark Ramseyer na Eric Rasmusen, walikusanya kumbukumbu za vituo vya kazi vya mamia ya majaji wa Japani, kisha wakawalinganisha huku wakizingatia chuo walichosoma, walivyochelewa au kuwahi kufaulu mtihani wa sheria, na wingi wa hukumu walizoandika. Aliyetamka kwamba jeshi linavunja katiba (katiba ya Japani inakataza kuwa na jeshi), au kwamba marufuku ya kampeni za uchaguzi za nyumba kwa nyumba ni batili, baadaye alionekana kukaa zaidi kwenye vituo duni. Lakini kwenye kesi za kodi, kuiangusha serikali hakukuonekana kumgharimu jaji. Hapo ndipo pa kukazia macho. Kama tatizo lingekuwa serikali kuchukia kushindwa tu, mbona fedha zake zikipotea hakuna anayehamishwa? Kilichoadhibiwa ni kukigusa chama cha LDP kilichoshika dola kuanzia 1955 hadi 1993, pale panapouma.

Mnataka mtu mwenye jina? Jaji Fukushima Shigeo wa Sapporo. Mwaka 1969, kesi ya kituo cha makombora cha Naganuma ikiwa mezani kwake, mkuu wa mahakama yake alimwandikia barua ya kumshauri aiamueje. Hakufuata ushauri. Mwaka 1973 akahukumu kwamba jeshi ni kinyume cha katiba. Baada ya hapo akaishia mahakama za familia mikoani, akaacha kazi 1989. Kwa barua moja moja za uhamisho, usingethibitisha lolote.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeficha upande wa pili. Mahakama ya Juu ya Japani ilishasema tangu 1950 kwamba marufuku ya nyumba kwa nyumba ni halali. Jaji wa chini akija kusema ni batili, amekaidi uamuzi wa juu. Na hukumu ya Fukushima ilitenguliwa kwenye rufaa 1976. Mtu anayetenguliwa asipopanda cheo, ajabu iko wapi? Msomi John Haley amesema miaka yote kwamba wanaopanga vituo ni majaji wenzao, si wanasiasa.

Mchangiaji wa pili, Eldoret

Nawaletea ya kwetu. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza majaji 41. Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuwateua. Juni 2021 akateua 34, mmoja alikuwa ameshafariki, sita wakaachwa nje. Wiki tatu kabla, majaji Odunga na Joel Ngugi walikuwa kwenye jopo lililoizima BBI, mpango wa kubadili katiba uliosukumwa na Kenyatta, na wote wawili wamo kwenye hao sita. Kila mtu akapiga hesabu yake: kisasi! Lakini majina yalikwama tangu 2019, kabla BBI haijafika mahakamani. Na wawili kati ya sita, Makori na Omange, hawakuwa hata majaji bado, walikuwa wanasubiri kuteuliwa mara ya kwanza. Watu sita hawakupi takwimu.

Mtoa mada

Wa Eldoret, kwa watu sita sikuombi takwimu. Kenya haikuihitaji, kwa sababu katiba inamtaka rais awateue wale ambao tume imewapendekeza. Mlikuwa na orodha hadharani na mkaona nani kaachwa. Septemba 2022 rais mpya, Ruto, akawateua wote sita ndani ya siku chache. Japani hakukuwa na orodha ya walioachwa. Ndiyo maana ilibidi kuhesabu.

Wa kwanza, hoja ya 1950 ni nzito, siipuuzi. Ila majaji wenzao wanaopanga vituo wanasimamiwa na Mahakama ya Juu, na majaji wa Mahakama ya Juu huteuliwa na baraza la mawaziri. Chama kimoja kikiteua kwa takriban miaka 40, mwanasiasa hana haja ya kupiga simu. Sasa nijibu hili: kama sheria ya Ufaransa ingekuwepo Japani, hata hiyo hoja yako ya kutenguliwa ungeipima kwa kumbukumbu za nani?