Magavana na alama za kodi: Minnesota yapewa F huku, yasifiwa kule. Tunasomaje?

Kutoka: Minneapolis

Wanajumuiya, salaam. Novemba 2026 majimbo 36 ya Marekani yanachagua magavana, na kwenye makundi ya WhatsApp zinazunguka ripoti mbili zisizopatana hata kidogo. Moja ni ya taasisi ya utafiti ya Cato, inayowapa magavana alama za bajeti na kodi kila baada ya miaka miwili, A ikiwa bora na F kufeli. Gavana wetu Tim Walz alipata F mwaka 2022 na F tena 2024, ilhali jirani yetu Kim Reynolds wa Iowa alipata A mara zote mbili. Nyingine ni ya ITEP, taasisi inayochambua kodi, ya Januari 2024, inayosema hakuna jimbo lenye kodi za usawa kuliko Minnesota. Sasa huyu gavana amefeli au amefaulu? Mhasibu wa Columbus, tafadhali.

Kutoka: Columbus

Dada wa Minneapolis, zote mbili ziko sahihi, ila hazipimi kitu kimoja.

Cato wanapima mabadiliko: matumizi na makusanyo yamekua kiasi gani, na viwango vya kodi vimepanda au vimeshuka chini ya gavana huyo. Wanaamini serikali ndogo ndiyo njema na hawafichi hilo. ITEP hawamwangalii gavana kabisa. Wanachukua sheria za kodi zilivyo siku hiyo na kuuliza: familia ya kipato cha chini inatoa asilimia ngapi ya mapato yake kwa kodi zote za jimbo na za mitaa, na tajiri anatoa asilimia ngapi? Fedha zimetumikaje, hilo halimo. Kwa hiyo gavana anaweza kupata sifa au lawama ya ITEP kwa sheria zilizotungwa kabla hajamaliza shule.

Minnesota mwaka 2023 ilikuwa na ziada ya takriban dola bilioni 17.5. Bajeti ya miaka miwili ikapanda kwa kama asilimia 38, ikafika karibu bilioni 72. Ndani yake kulikuwa na chakula cha bure shuleni, na upande wa kodi ukaja unafuu wa dola 1,750 kwa kila mtoto, ambao hata anayejaza fomu kwa ITIN (namba ya kodi ya asiye na Social Security) anaupata akitimiza masharti ya kipato. Unafuu huo umeipandisha Minnesota kwa ITEP. Matumizi hayo yameishusha kwa Cato. Ni bajeti ile ile.

Ila hiyo 38 usiimeze nzima. Sehemu ya fedha ilikuwa ya mara moja. Mfano wa fedha za namna hiyo ni ule mrejesho wa dola 260 kwa mtu, mwisho 1,300 kwa familia, ambao IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, waliutoza kodi na watu wengi wakasahau kuuandika. Fedha za mara moja hazimfungi gavana anayefuata. Mpango wa kudumu unamfunga. Ukikutana na ongezeko la matumizi, uliza kwanza ni la aina gani, ndipo ukasirike au ufurahi.

Sasa nije kwangu Ohio, kwa sababu hapa ndipo vichwa vya habari vinapowapoteza watu. Inasemwa gavana ameleta kiwango kimoja cha asilimia 2.75 kuanzia 2026. Ni kweli. Lakini aliyeshushiwa ni anayepata zaidi ya dola 100,000, aliyekuwa kwenye 3.5 mwaka 2024 kisha 3.125 mwaka 2025. Mfanyakazi wa ghala mwenye dola 60,000 alikuwa kwenye 2.75 tangu awali. Kiwango chake hakikusogea.

Hebu tupige hesabu yake. Dola 26,050 za kwanza hazitozwi, zinabaki 33,950. Mara 2.75 kwa mia ni kama dola 930, na kiasi kidogo kisichobadilika juu yake, kabla ya misamaha. Jiji la Columbus nalo linachukua 2.5 kwa mia ya mshahara wote, bila kiwango cha chini kisichotozwa: dola 1,500. Mji unakula kuliko jimbo! Wageni wengi hulijua hilo pale barua ya jiji inapofika na adhabu juu, hasa wanaoishi mji mmoja na kufanya kazi mwingine, kwa sababu mwajiri hukata ya mji wa kazini na ule wa nyumbani unadai tofauti. Angalia W-2 yako (fomu ya mshahara wa mwaka toka kwa mwajiri) kisanduku cha 18 hadi 20.

Hiyo ina uhusiano gani na gavana? Bajeti ya Ohio ya 2011 ilikata takriban nusu ya mfuko unaogawia miji na kaunti. Jimbo likajisifu halikupandisha kodi, na miji mingi ikaenda kuomba wapiga kura wapandishe ya kwao. Mzigo ule ule, ila umehamishiwa bega jingine.

Kutoka: Dallas

Mhasibu kasema. Texas tuko vivyo hivyo kwa mlango mwingine. Hatuna kodi ya mapato, ndiyo, lakini kodi ya mauzo inafika 8.25 kwa mia (jimbo 6.25, mitaa hadi 2) na shule zinaendeshwa kwa sehemu kubwa kwa kodi ya majengo, ile anayotozwa mwenye nyumba kwa thamani ya nyumba yake. Hivyo rekodi ya gavana wa Texas isomwe kwenye sehemu ya nyumba isiyotozwa kodi ya shule: ilikuwa dola 40,000, mwaka 2023 ikawa 100,000, na Novemba 2025 wapiga kura wakaidhinisha 140,000. Wilaya ya shule ikitoza dola 1 kwa kila 100, hiyo nyongeza ya 40,000 ni dola 400 mfukoni kwa mwaka.

Mfuko wa nani? Wa mwenye nyumba anayekaa mwenyewe ndani. Mpangaji hapati moja kwa moja, ingawa kodi hiyo ya majengo imo ndani ya pango analolipa. Na mwenye nyumba asipojaza fomu 50-114 kwa ofisi ya tathmini ya kaunti yake hapati pia. Hawaulizi uraia, wanauliza kama unaishi hapo, na anwani ya leseni ya udereva iwe ile ile ya nyumba. Wengi hukwama kwa leseni yenye anwani ya zamani. Ukishapewa, thamani inayotozwa haipandi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na ukiona tathmini imezidi una hadi Mei 15, au siku 30 tangu barua itumwe, ile itakayochelewa, kupinga.

Kwa hao wanaotaka kuhama "kwenye jimbo lisilo na kodi": yako tisa yasiyotoza mshahara, Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming. ITEP hao hao wanaiweka Florida nafasi ya kwanza kwa kumwelemea maskini, na Washington ya pili. Tennessee inatoza hata unga na mafuta ya kupikia: asilimia 4 ya jimbo, na ya mtaa juu yake.

Kutoka: Chicago

Naongeza moja tu, nalo ni kubwa: nani alitia saini.

Ukichora jedwali la magavana wa Illinois na kodi ya mapato, utaona ilipanda kutoka 3.75 hadi 4.95 mwaka 2017, wakati wa Bruce Rauner. Mtu atasema Rauner alipandisha. Kumbe aliipigia kura ya turufu, na Bunge la jimbo likaivunja turufu hiyo Julai 2017 baada ya miaka miwili bila bajeti kamili. Upande wa pili, huko kugomea bajeti nako kuna gharama: bili zisizolipwa za jimbo zilifika zaidi ya dola bilioni 16. Hospitali na mashirika ya huduma yakasubiri malipo miezi na miezi, na riba ikahesabiwa. Hiyo haionekani kwenye safu ya "kodi alizopandisha".

Kalenda nayo ina mtego wake. Majimbo 46 yanaanza mwaka wa fedha Julai 1. New York ni Aprili 1, Texas Septemba 1, Alabama na Michigan Oktoba 1. Gavana akiapishwa Januari, hadi Juni anatumia bajeti ya mwenzake. Msihesabu miezi hiyo kwake, wala msimwondolee mwaka alioutia saini akaondoka.

Kutoka: Baltimore

Kwa sisi tuliozoea kuwahukumu magavana wa kaunti za Kenya, tahadhari. Kule gavana anaishi zaidi kwa mgao wa Nairobi, na Katiba imempa kutoza ardhi na majengo, burudani na ada za huduma. Swali letu la kawaida ni "pesa zimeenda wapi?", na Msimamizi wa Bajeti anatoa ripoti za kaunti zote 47. Hapa gavana na Bunge lake wanatunga kodi wenyewe, na hakuna ofisi moja ya serikali kuu inayowakagua wote hivyo. Inabidi utafute taarifa jimbo kwa jimbo.

Kutoka: Minneapolis

Asanteni. Basi nianzie wapi kwenye tovuti ya jimbo? Nimefungua nikakuta kurasa mia tatu.

Kutoka: Columbus

Usisome mia tatu, dada. Tafuta ripoti ya mwaka ya hesabu zilizokaguliwa na ufungue jedwali la miaka kumi, liko mwishoni. Chukua mwaka wa bajeti ya mwisho ya gavana aliyetangulia na mwaka wa karibuni.

Tenga mfuko mkuu, ulio na kodi za jimbo lenyewe, na jumla ya fedha zote. Karibu theluthi ya jumla ni fedha za shirikisho, nyingi za Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo), na gavana hazipangi apendavyo. Hapa ndipo miaka ya 2021 na 2022 inawadanganya watu: sheria ya Machi 2021 ilizipa serikali za majimbo na mitaa dola bilioni 350, na zikahesabiwa kama matumizi ya gavana. Mwisho wa kuzitumia ni Desemba 31, 2026, hivyo mtasikia magavana wakisifiwa kwa "kupunguza matumizi" yaliyojipunguza yenyewe.

Gawa mfuko mkuu kwa idadi ya wakazi, kisha toa mfumuko wa bei. Bila hatua hiyo kila gavana wa 2022 anaonekana mbadhirifu. Halafu angalia mfuko wa akiba umekua au umeliwa, na kama michango ya pensheni za wafanyakazi imelipwa kamili. Pensheni ndipo wanapoficha. Bajeti inasomeka sawa leo, deni linalipwa na wajukuu.

Kutoka: Wichita

Na msisahau sisi. Sam Brownback, gavana wetu wa zamani hapa Kansas, alipata A ya Cato 2012 na tena 2014. Alishusha kiwango cha juu kutoka 6.45 hadi 4.9 na kufuta kabisa kodi ya jimbo kwa mapato ya biashara yanayojazwa kwenye fomu binafsi ya mwenye biashara. Kilichoharibika kinajulikana. Wenye LLC (kampuni za binafsi za namna hiyo) wakaacha kulipa wakati waajiriwa wao walikatwa, na makusanyo yakaporomoka. Fedha za barabara zikachotwa kuziba pengo, michango ya pensheni ikaahirishwa, daraja la mikopo likashushwa, na 2015 kodi ya mauzo ikapanda kutoka 6.15 hadi 6.5, pamoja na kwenye chakula. Juni 2017 Bunge, la chama chake mwenyewe, likavunja turufu yake na kufuta sehemu kubwa ya mpango.

Alama ilitolewa mwaka wa kukata, bili ikaja baadaye. Iowa nao wameshusha kutoka 8.53 hadi 3.8 kufikia 2025, ila walianza wakiwa na akiba kubwa. Reynolds asomwe kwa hesabu za 2027 na 2028.

Kutoka: Chicago

Nyongeza kwa wa hapa: asilimia 1 ya jimbo kwenye vyakula vya dukani imefutwa tangu Januari 1, 2026, lakini miji imeruhusiwa kuweka 1 yake. Angalieni risiti kabla ya kumshukuru au kumlaumu gavana.

Na wenye kadi ya kijani: ukiwa ofisi ya leseni ukaulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura, jibu ni hapana mpaka uapishwe uraia. Kisanduku hicho kikitiwa alama kimakosa kitaibuka kwenye mahojiano ya N-400, fomu ya kuomba uraia.