Wenye kambi za kando ya Ziwa Victoria, tuonyesheni choo na mteremko, picha za machweo zinatosha

Habari zenu ndugu zangu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, maana yaliyotupata hayakuipata familia yangu peke yake. Kila likizo ya shule ikikaribia watu wanauliza: wapi kuna kambi yenye mandhari nzuri kando ya ziwa tuwapeleke watoto? Na kila mara wanajibiwa kwa picha. Machweo. Hema jekundu juu ya mchanga mweupe. Kikombe cha chai, na maji ya buluu nyuma yake. Hakuna anayeonyesha choo. Hakuna anayesema hema linasimama umbali gani kutoka kwenye matete, ardhi inainamia upande gani, maji ya kuoga yanatoka wapi. Sisi tunatuma arubuni kwa simu, tunafunga mizigo, tunakuta kitu kingine kabisa.

Sisi tulikwenda Bugala, huku Uganda, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa 84 vya Ssese. Mimi, mke wangu, watoto, na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Jina la kambi sitalitaja, kwa sababu nikiitaja moja, zile nyingine zenye tabia hiyo hiyo zitajiona zimepona. Mwenyewe niliongea naye kwa simu, nikamweleza kila kitu: kuna mzee, kuna watoto wadogo, tunataka utulivu. Akanijibu, "Ssebo (yaani bwana), usijali, hapa ni mahali pa familia."

Picha alizotutumia zilikuwa na ufukwe mpana wa mchanga, mahema yamepangwa, miti imesimama nyuma yake. Tulipofika mchanga haukuwepo. Ile miti ya nyuma ya mahema sasa iko ndani ya maji, mingine imekauka imebaki magogo. Yeyote aliyekuwa Uganda mwaka 2020 anajua kilichotokea: mvua zilinyesha kupita kiasi, na mwezi wa Mei ziwa likapanda mpaka likaivuka rekodi ya mwaka 1964. Mialo ikafunikwa, fukwe za Entebbe zikamezwa, watu wakahama nyumba zao. Maji yalishuka baadaye, halafu 2024 yakapanda tena. Kwa hiyo picha za mchanga ule mpana ni za kabla ya hapo, na wenye kambi wanalijua hilo vizuri kuliko mimi. Bado wanazituma. Mtu akikuuzia shamba kwa picha ya mahindi ya miaka mingi iliyopita, utamwita nani?

Sasa ufukwe ukishaliwa na maji, mahema yanakwenda wapi? Yanasukumwa nyuma, bondeni, pembeni ya mafunjo. Hapo ndipo tulipopewa sehemu yetu. Nilipouliza kwa nini tusipandishwe kule juu kwenye nyasi, nikaambiwa kule ni kwa wenye vyumba.

Mtasema, si mngeondoka? Hapo ndipo panaponiuma zaidi, na naomba mtu yeyote anayepanga safari ya Ssese asome hapa kwa makini. Meli ya Nakiwogo, pale Entebbe, kwa kawaida huondoka saa nane mchana na kutia nanga Lutoboka, bandari ya Bugala, yapata saa kumi na moja na nusu jioni. Hapa tuko karibu kabisa na ikweta, saa moja giza limeshaingia. Ukishateremsha mizigo, ukapata usafiri, ukafika kambini, mwanga uliobaki unatosha kusimamisha hema tu. Hakuna nafasi ya kwenda kuangalia kambi nyingine. Na meli ya kurudi ni kesho yake saa mbili asubuhi. Mwenye kambi anajua kwamba umeshanasa. Ndiyo maana anaweza kukujibu anavyotaka.

Dawa yake ni kupitia Masaka. Unatoka Kampala alfajiri, unapita Kayabwe, unaingia Masaka, unakata kushoto Nyendo mpaka Bukakata, unavuka kwa pantoni isiyotozwa nauli mpaka Luuku, upande wa Bugala. Ni mwendo mrefu zaidi kwa gari, lakini unafika mchana, una gari lako, na kambi ikikuchefua unawasha injini unakwenda nyingine. Kwa familia yenye watoto na mzee, mimi sasa nasema njia ni hiyo moja tu.

Usiku ule mvua ilikuja. Wala haikuwa ya ajabu, na ndiyo maana nimekasirika. Ziwa hili lina desturi yake. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku unageuka, hewa inatoka pande zote kwenda katikati ya ziwa, na pale juu ya maji yenye joto inakutana, inapanda, inakuwa mawingu ya radi. Kisha mawingu yanasukumwa kuelekea magharibi, na alfajiri yanazipiga Ssese na pwani ya Masaka na Entebbe. Wavuvi wanalijua hili tangu babu zao. Mwenye kambi ya ufukweni analijua. Lakini anaweka mahema bondeni, bila hata mfereji mdogo wa kupitisha maji, juu ya udongo uliokanyagwa mpaka umekuwa kama saruji. Maji yaliingia chini ya sakafu ya hema mama mkwe akiwa amelala. Tukamtoa gizani, tukamkalisha kwenye gari lililokuwa pale, radi zinapiga na kambi nzima haina jengo la wazi la watu kukimbilia. Sehemu ya kulia chakula ilikuwa imefungwa kwa kufuli! Nchi hii hii ambayo mwaka 2011 kule Kiryandongo radi moja iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao darasani, mtu anakusanya familia chini ya miti mirefu kando ya maji na hafikirii wapi watajificha.

Kabla ya mvua kulikuwa na muziki. Spika kubwa mbili, jenereta, kundi la vijana waliokuja kwa mapumziko ya wikiendi. Siwalaumu vijana, wamelipa kama mimi. Namlaumu aliyetuambia sote kwamba mahali hapa panatufaa. Hilo niliache.

Nije kwenye kichocho, maana hapa sitanyamaza. Asubuhi yake mhudumu aliwaambia watoto wangu waingie majini kuoga, palepale kwenye matete, na nilipomzuia akacheka: "Hapa hakuna kichocho, maji yetu yanatembea." Ndugu zangu, pwani ya Ziwa Victoria ni eneo la kichocho. Kichocho cha matumbo. Vijidudu vyake vinaishi ndani ya konokono wadogo wanaokaa kwenye maji tulivu yenye majani, na hutoka humo kwa wingi jua likishapanda mpaka kwenye saa za adhuhuri, yaani saa zile zile watoto wanazopenda kucheza majini. Havihitaji kidonda. Vinapenya ngozi nzima, salama, na mtoto anaweza asihisi chochote. Miezi na miaka baadaye ndipo unaona damu kwenye choo, tumbo linavimba, ini linaharibika.

Watu wazima wanaweza kuamua wenyewe. Mtoto anaamuliwa na wewe, na wewe unaamua kwa maneno ya mhudumu aliyefundishwa kukana. Kambi yenye adabu ingekuambia: hapa penye matete msiingie, ogeeni maji ya kisima, au ya tangi yaliyotekwa yakakaa siku mbili nzima, maana vile vijidudu havidumu bila kupata mwili wa kuingia. Ingekuambia pia kwamba ukishaingia ziwani, usikimbilie dawa siku ya pili yake. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, hufanya kazi kwa minyoo iliyokwisha kukomaa, kwa hiyo kipimo na dawa ni baada ya wiki sita mpaka nane hivi. Karatasi moja tu ukutani ingetosha. Badala yake ukutani kulikuwa na bei za bia.

Na bafu lenyewe? Maji yalivutwa kwa pampu moja kwa moja kutoka ziwani, bila kukaa popote. Niliufuata mpira kwa miguu yangu mpaka nikaona unapoishia: katikati ya matete.

Pembeni ya hapo kulikuwa na njia iliyolazwa majani, pana, yenye kinyesi cha kiboko. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi, na hupita njia ile ile kila siku. Ukimkatia njia ya kurudi majini, anaweza kukuua. Hema letu lilikuwa upande mmoja wa njia hiyo na choo kilikuwa upande wa pili. Nimemuuliza meneja kama anajua. Akasema, "Huyo ni mzoefu, hana shida na watu." Nimeshindwa kuelewa mtu anawezaje kulisema hilo akimtazama mtoto usoni.

Kabla hatujaondoka wakatuletea habari ya kuzungushwa kwa mtumbwi wa injini. Maboya yalikuwa machache kuliko watu, na ya watoto hayakuwepo hata moja. Tumesahau haraka hivi? Novemba 2018 boti ya starehe ilizama upande wa Mukono, watu zaidi ya 30 wakafa, tena karibu na nchi kavu. Tulikataa, tukaonekana wajuaji.

Kuna watu watanijibu kwamba kupiga kambi ni kuzoea shida, nikitaka starehe niende hoteli. Nimelala kwenye hema tangu ujana wangu. Giza nalijua, sami, wale wadudu wadogo wa ziwani, wakijaa kwenye taa nawajua, choo cha shimo nakijua na sina ugomvi nacho kikiwa safi na kina mlango. Ninachodai ni ukweli kabla sijalipa. Mandhari nzuri ni nini kwa familia? Ni mahali unapoweza kukaa chini ukayatazama maji bila kuhesabu watoto kila dakika. Mwinuko mdogo wenye nyasi, nyuma kidogo, ziwa unaliona lote, ni mzuri mara elfu kuliko hema lililobandikwa ukingoni ili lipendeze kwenye picha.

Tena huko ukingoni sheria yenyewe inawakataza. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zimetenga mita 200 kutoka kwenye maji ya Ziwa Victoria kuwa eneo la hifadhi. Mita 200! Kambi ngapi mnazozijua, kuanzia Entebbe mpaka Jinja, zimeacha hata mita 50? Wanakata mafunjo yanayochuja uchafu, wanamwaga mchanga wa lori, wanaita bichi. Na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 imeipa Bodi ya Utalii kazi ya kukagua na kutoa leseni. Naomba wakaguzi wake waje walale. Wasije saa nne asubuhi wakanywa soda wakaondoka. Walale kwenye hema, bondeni, msimu wa mvua, wakiwa na mama zao.

Kwa sasa, mimi sitoi tena hata shilingi kabla sijapata video, ipigwe siku hiyo hiyo, bila kukatwa: kuanzia langoni, kupita penye mahema, mpaka chooni, mpaka ukingo wa maji. Aliye mkweli ataipiga kwa dakika mbili. Anayeanza kusema mtandao ni mbaya, mwacheni. Muulize pia maji ya bafu yanatoka wapi, na siku mnayofika kuna sherehe gani. Na ukifika mchana, kabla ya kufungua buti ya gari, zunguka utafute mistari ya maji kwenye udongo na njia za wanyama kwenye majani.

Wengine wamenishauri tuache Victoria twende Ziwa Bunyonyi, kule Kabale. Ni kweli halina viboko wala mamba, na vile vilima vyenye matuta ni vizuri mno. Lakini kuna baridi kali usiku, kingo zake zinashuka ghafla kwenye kina kirefu, na kutoka Kampala ni safari ya siku nzima. Magoti ya mama mkwe hayataiweza. Isitoshe, kwa nini tulikimbie ziwa letu kwa sababu ya watu wasiotaka kusema kweli?

Tulilala usiku mmoja tukaondoka. Pesa za siku zilizobaki tumenyimwa, eti zikishaingia hazitoki. Nimeshaandika barua kwa wanaohusika, na nitaleta majibu yao hapa, yakija.

Tunataka kujaribu tena Desemba, kwa njia ya Bukakata. Aliyelala na watoto upande wa Bugala au pwani ya Masaka mwaka huu, kwa macho yake, aniambie: hema lilikuwa mwinuko au bondeni, maji ya kisima au ya ziwa, kuna paa la kukimbilia mvua au hakuna. Picha ya machweo asinitumie.