Zawadi apande Levo 5 au arudie Levo 4?

Kikundi: WAZAZI WA JIMNASTIKI – Waswahili wa Columbus, Ohio

Jumanne jioni

Mama Zawadi: Habari za jioni wapendwa. Klabu imetuma barua leo, tujibu kabla ya Ijumaa: Zawadi apande Levo 5 (levo ni ngazi za mashindano) au arudie 4. Ana miaka 9. Mashindano ya mwisho alipata meza ya kuruka 9.00, baa (zile mbili, ya chini na ya juu) 7.95, boriti 8.75, sakafu 8.90. Jumla 34.60. Alama ya kuhama ameshaivuka, kwa hiyo baba yake anasema apande tu. Mimi hizo baa zinaninyima usingizi.

Mama Baraka: Hongera kwa Zawadi 👏🏾 34.60 si haba.

Baba Imani: Hongera sana. Mama Zawadi, nitasema kama mwamuzi. Alama ya kuhama ni ruhusa ya kuingia mlangoni. Inapima alichokifanya kwenye Levo 4, na ya Levo 5 haiyagusi kabisa. Niambie kwanza ile 7.95 ilikatwa wapi.

Baba Imani: Maana kuna 7.95 za aina mbili. Moja mtoto kaanguka mara moja, nusu alama imekwenda, mengine yote safi. Huyo hana tatizo, anapanda. Nyingine hakuanguka popote, lakini amekatwa kidogo kidogo kila mahali: magoti yamekunjika (hadi 0.30), miguu imeachana (hadi 0.20), mikono imekunjika, kasti (kurusha miguu nyuma kwenda juu ukiwa umeegemea baa) iko chini. Hiyo ya pili ndiyo ya kuangalia.

Mama Zawadi: Ni ya pili Baba Imani. Hakuanguka. Kipu zote mbili (kule kubembea na kupanda juu ya baa) alimaliza kwa viwiko vilivyokunjika, halafu kasti zinaishia chini ya usawa wa baa.

Baba Imani: Basi hapo ndipo penye kazi. Levo 5 inarudia kipu ile ile, chini na juu, kisha inaongeza mzunguko wa nyonga bila nyonga kugusa baa, na flaiawei ya kushukia. Vyote vinategemea kasti. Mtoto anayemaliza kipu kwa viwiko vilivyokunjika hana mahali pa kuanzia kasti. Mabega yako nyuma ya baa, anapoteza sekunde kujinyoosha, mwendo umekufa.

Baba Imani: Na kwenye mipangilio hii ya lazima, iliyo sawa kwa watoto wote, kukiacha kitu kikuu kunakatwa mara mbili ya thamani yake. Kocha akimsaidia kwa mkono, thamani ya kitu inaondoka na 0.50 juu yake. Kwa hiyo "atapanda, kocha atamshikilia msimu wa kwanza" ni hesabu mbaya. Mtoto anatoka na 6 kwenye baa wiki baada ya wiki, na ana miaka 9.

Mama Zawadi: Kwa hiyo arudie?

Kocha Halima: Subirini kidogo, nimetoka ukumbini sasa hivi. Msimwambie arudie bado.

Kocha Halima: Mama Zawadi, tuko Mei. Msimu wa Levo 4 na 5 hapa unaanza vuli. Una karibu wiki 14 mkononi, na hizo ndizo za kuamua, kuliko karatasi ya mashindano. Barua zinataka jibu mapema kwa sababu klabu inapanga makundi ya kiangazi. Ziko klabu nyingi zinazokubali jibu la "afanye mazoezi na kundi la Levo 5, tuamue mwisho wa Agosti". Uliza hilo kwanza.

Kocha Halima: Sasa mambo manne ninayoyatazama mimi. Nitayaandika kwa kirefu, mnisamehe.

Kocha Halima: BAA. Kipu 3 mfululizo, kila moja ikifuatwa na kasti, bila kushuka, mikono imenyooka. Moja nzuri katika jaribio la tano haitoshi. Makosa ya kipu ni yale yale kwa watoto wote: anateleza mbele chini ya baa, mwili unanyooka vizuri, halafu vidole vya miguu vinachelewa kufika kwenye baa. Akichelewa, bembea inarudi nyuma bila yeye, ndipo anavuta kwa viwiko. Miguu ifike kwenye baa pale mwili uliponyooka mwisho kabisa mbele. Kisha avute baa kutoka vifundoni hadi kiunoni, kama anayepandisha suruali, mikono imenyooka muda wote, na mwisho viganja vizunguke juu ya baa. Viganja visipozunguka, mabega yanabaki nyuma.

Mama Baraka: Hiyo ya suruali nimeielewa hata mimi 😄

Kocha Halima: Nguvu yake unaweza kuipima nyumbani, Mama Zawadi. Aning'inie kwenye baa ya mlangoni, anyanyue miguu iliyonyooka mpaka vidole viguse baa, mara 10, bila kubembea. Akifika 4 na magoti yanakunjika, tatizo la kipu si ujanja wa kipu, ni tumbo. Hilo wiki 14 zinalitosha, akifanya siku 4 kwa wiki. Mara 10 zikiwa safi na kipu bado imekunjika, basi ni suala la wakati wa vidole, na hilo anarekebisha kocha wake kwa video ya mwendo wa polepole.

Kocha Halima: FLAIAWEI. Hapa watoto wengi hukwama, na wanakwama kwa woga. Anatoka kwenye baa ya juu, anabembea, anaachia, samasoti moja ya nyuma (kupinduka hewani) ya kujikunja, anatua. Akiachia mapema mno, anaruka mbali na baa akiwa chini na bapa, hana urefu wa kuzunguka. Akichelewa kuachia, anarudi kuelekea baa, na hapo ndipo mapaja au visigino vinaweza kugonga. Mtoto mwoga huchelewa kuachia, kwa hiyo woga wenyewe unaleta lile analoogopa. Utaratibu ni shimo la sponji kwanza, kisha godoro nene juu ya shimo, kisha magodoro ya kawaida na mkono wa kocha mgongoni, kisha kocha anasimama tu bila kugusa, kisha peke yake. Mtoto wa kupanda awe amefika hatua ya nne kufikia katikati ya Julai. Zawadi yuko wapi hapo?

Mama Zawadi: Shimoni anaachia vizuri. Kwenye godoro anataka mkono wa kocha.

Kocha Halima: Hiyo ni hatua ya tatu, tena Mei. Hajachelewa.

Kocha Halima: BORITI. Wokova ya nyuma, yaani kujikunja nyuma mpaka mikononi na kupitisha miguu juu. Boriti ina upana wa sm 10, urefu wa sm 125 kutoka chini. Ya kupanda nayo ni hii: kwenye mstari wa sakafuni afaulu mara 10 kati ya 10, boriti ya chini 8 kati ya 10, boriti ya juu iliyozungushiwa magodoro 7 kati ya 10. Boriti ya juu bila magodoro isubiri Agosti. Ukiona mkono mmoja unatua mbele ya mwingine, nyonga zimepinda, na ataanguka upande ule ule kila mara. Kuanguka mara moja ni 0.50, si msiba. Lakini kuanguka upande mmoja kila siku kunataka kurekebishwa kwenye mstari wa sakafuni, na kurudia juu ya boriti hakutasaidia.

Kocha Halima: SAKAFU hasumbuki huyo kwa 8.90. Raundiofu (gurudumu la mikono la kutua miguu pamoja), hendispringi ya nyuma (kuruka nyuma kupitia mikono), samasoti ya nyuma ya kujikunja. Atazamwe tu anatua wapi: kifua kikiwa chini na magoti yamekunjika sana, samasoti iko chini, anaokolewa na godoro. Meza pia haina shida.

Dada Njeri: Kocha naomba niingie hapo kwa wokova. Mimi ni wa fiziotherapi.

Kocha Halima: Karibu dada, hilo ni lako.

Dada Njeri: Mama Zawadi, mwambie apige daraja sakafuni, miguu juu ya kochi au kisanduku cha sm 40 hivi, umpige picha kutoka ubavuni. Tazama mabega. Yakivuka juu ya viganja au kupita kidogo, mgongo wa juu na mabega vinafanya kazi. Yakibaki nyuma ya viganja, na mkunjo mkali uko kiunoni peke yake, basi kila wokova anaikunja sehemu ile ile moja ya mgongo. Levo 5 itaongeza hesabu ya wokova kwa wiki mara nyingi. Hapo ndipo yanapotoka maumivu ya mgongo wa chini, na kwa watoto wa jimnastiki mfupa wa pingili unaweza kupata ufa.

Dada Njeri: Maumivu ya mgongo yanayozidi akijikunja NYUMA na hayaishi kwa wiki mbili za kupumzika si ya kupaka dawa ya kuchua. Ni ya daktari wa michezo.

Dada Njeri: Mengine mawili. Kifundo cha mkono: maumivu upande wa kidole gumba akiegemea mikono. Pale pana sehemu laini ya mfupa inayokua, na jimnastiki inaibana kila siku. Asipandishwe levo akiwa nayo, hata kama ujuzi upo. Kisigino: akichechemea asubuhi au baada ya kutua, na ukibana kisigino pande zote mbili anashtuka, ni ukuaji. Hilo hudhibitiwa kwa kupunguza kutua, si lazima kuacha.

Mama Zawadi: Mkono hausemi. Kisigino mwezi wa tatu kililalamika, sasa kimya. Ila anakua jamani, viatu vyote vimembana.

Dada Njeri: Basi mpime urefu kwenye fremu ya mlango kila mwezi, siku ile ile, asubuhi. Mtoto akirefuka haraka, miguu inakuwa mirefu kuliko ule mwili alioufundisha kipu. Vidole vinachelewa bila kosa lake. Makocha wengine wanaona "amerudi nyuma, amekuwa mvivu". Huyo mtoto anahitaji wiki 6 hadi 8 za kupima upya wakati wake.

Kocha Halima: Kweli kabisa. Na kipindi hicho usimpime kwa ujuzi mpya. Mpime kwa nguvu.

Mama Baraka: Nami niulize. Wale wanaosema mtoto arudie mpaka apate 37 ndipo apande?

Baba Imani: Sikubaliani nao. 37 kwenye Levo 4 inapatikana kwa kusugua mpangilio ule ule mwaka mzima: vidole, kichwa, mikono ya dansi. Medali zitakuja, lakini mwaka umeisha na flaiawei bado ya shimoni. Kurudia kuna maana pale tu ambapo mtoto anashindana na Levo 4 huku mazoezi yake nusu nzima ni ya Levo 5. Kama klabu inasema arudie, uliza: katika siku 4 za mazoezi, dakika ngapi ni za vitu vipya? Wakikosa jibu, hapo anaegeshwa.

Baba Imani: Ipo pia Xcel, njia nyingine ya mashindano, watu wanaidharau bure. Kutoka Bronze mpaka Sapphire, mtoto hutungiwa mpangilio wake, halazimishwi ule wa watoto wote. Mtoto mwenye sakafu nzuri na baa ngumu anaweza kufurahi sana kule Gold bila kipu. Si kwa Zawadi naona, lakini mtu asikilize.

Mama Baraka: Na 5 kwenda 6 au 7?

Kocha Halima: Kwa kifupi tu Mama Baraka, maana ni mada ya siku nyingine. Levo 6 inarukika. Kinachoamua ni mzunguko mkubwa kwenye baa (mwili mzima umenyooka, unaizunguka baa), na kitu cha kuruka kwenye boriti, mara nyingi hendispringi ya nyuma. Anavyo vyote peke yake, 7. Kimoja kinakosekana, 6 ni mwaka mzuri sana.

Mama Zawadi: Kocha, na kama flaiawei itagoma Agosti? Baba yake kashamwahidi baiskeli akiifanya peke yake.

Kocha Halima: Mwambie shemeji baiskeli ampe kwa siku ya kuzaliwa, isihusishwe na flaiawei. Woga haununuliwi. Mtoto atataka baiskeli, atajilazimisha, ataachia kwa kuchelewa, na ndiyo ile ya kugonga baa. Akigoma, arudishwe hatua MOJA, si tatu, afanye 10 nzuri, kisha ajaribu hatua ya juu mara 2 tu kwa siku na kuacha. Wala gari lisiwe mahali pa kuulizwa "leo umefanya?". Aulizwe amekula nini.

Kocha Halima: Ikifika Agosti 20 bado anataka mkono, aanze msimu na Levo 4, kichwa juu, huku anaendelea. Akiipata Oktoba, klabu inaweza kumpandisha katikati ya msimu kwa kuwa alama ya kuhama anayo.

Dada Njeri: Na usingizi. Umri wake ni saa 9 hadi 12. Kundi la Levo 5 likimaliza saa mbili usiku na shule ni saa moja asubuhi, piga hesabu kabla ya kutia sahihi.

Mama Zawadi: Mungu awabariki. Nimemwandikia kocha wake hivi, niangalizieni:

"Habari Kocha. Tungependa Zawadi afanye mazoezi ya kiangazi na kundi la Levo 5, na uamuzi wa kushindana ufanyike Agosti 20. Tunaomba kujua: (1) yuko hatua gani ya flaiawei na unatarajia lini awe peke yake, (2) kipu na kasti ngapi mfululizo unazitaka, (3) kundi linamaliza saa ngapi, (4) naweza kuja kutazama lini? Na kwa nini alipata 7.95?"

Baba Imani: Swali la mwisho liondoe. Linamrudisha kwenye kujitetea. Weka: "tufanye nini nyumbani kwa ajili ya baa?"

Kocha Halima: Na kwenye (4) usiombe kama hisani. Andika "nitakuja kutazama Alhamisi".

Mama Zawadi: Nimebadilisha. Kasti ngapi niseme, 3?

Kocha Halima: Usiseme wewe, mwache aseme yeye. Ukisikia namba chini ya 3, niambie.

Mama Zawadi: Sawa. Imetumwa.