Datsun 1200: A12 ifike 8,000 RPM bila kuvunjika, nianzie wapi?

B110_Mlima
Wakuu, salaam. Nina Datsun 1200, injini ni A12 yake yenyewe, cc 1171, imeshafunguliwa yote. Nataka ipande hadi 8,000 RPM (mizunguko ya kranki kwa dakika) kwenye mbio za mlima. Fundi ananishauri nifunge A15 kwa kuwa ina cc nyingi. Ni sawa? Nikibaki na A12, hela ianzie kwenye kabureta au chini, kwa kranki, rodi na pistoni?

Kranki73
Baki na A12 mkuu. Stroku yake, yaani umbali pistoni inaopanda au kushuka, ni mm 70, ya A15 ni mm 82. Kwa 8,000 RPM pistoni ya A12 inakwenda wastani wa mita 18.7 kwa sekunde, ya A15 inafika 21.9. Mzigo huo wa ziada unaangukia bolti za konrodi, ile rodi inayounganisha pistoni na kranki. Zikikatika, rodi inatoboa bloku na hapo huna cha kukarabati.

Hela ianzie chini. Nunua bolti mpya za mashindano, za zamani usirudishe hata kama zinaonekana safi. Ukishazifunga, tundu kubwa la rodi lichongwe upya, maana bolti mpya hulivuta likapoteza duara. Pistoni kwa pistoni, na rodi kwa rodi, zisipishane uzito zaidi ya gramu 1. Kranki ipigwe balansi pamoja na flaiwili na kava ya klachi. Nafasi ya beringi: konrodi mm 0.045, meni (zinazobeba kranki kwenye bloku) mm 0.05. Ringi ya juu, pengo mm 0.30 hadi 0.35.

Tapeti_Moto
Naunga mkono, ila injini nyingi huharibika hedi kwanza. Hii ni injini ya pushirodi, yaani kamshafti iko chini na inasukuma valvu kwa vijiti virefu: springi zikiwa dhaifu, valvu inachelewa kufunga na pistoni inaigonga. Chukua springi za ndani na nje zinazoendana na kamshafti yako. Ngumu kupita kiasi zinakula kamu. Valvu ikifunguka mwisho, springi ibaki na angalau mm 1 kabla mizunguko yake haijagusana.

Halafu pima kwa plastisini. Bandika juu ya pistoni, funga hedi na gasketi ya unene uleule, seti tapeti (ile nafasi ndogo ya valvu), zungusha kranki kwa mkono raundi mbili. Fungua, kata kwa wembe, pima palipobonyea zaidi. Inteki isipungue mm 2, ekzosti mm 2.5, kwa sababu ekzosti hurefuka ikipata moto na pistoni inaifuata kwa nyuma. Hedi ikikwanguliwa tena, rudia kipimo.

OiliKwanza
Msisahau sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, beringi za konrodi zinaungua. Chomelea kuta zenye vilango vinavyofunguka kuelekea kwenye mdomo wa pampu tu.

Platini, zinazokata umeme wa plagi, huruka RPM zikiwa juu; weka ignisheni ya elektroniki, edivansi yote (cheche kutangulia pistoni kufika juu) digrii 32. Kabureta ije mwisho. Weber 40 DCOE mbili zinafaa, lakini zikisetiwa Mombasa zitamwaga petroli Nairobi, huko juu hewa ni nyepesi. Punguza jeti kuu (tundu linalopima petroli), kisha usome rangi ya plagi.

B110_Mlima
Asanteni sana wakuu. Tapeti niziseti ngapi?

Tapeti_Moto
Kamu ya kiwandani, mm 0.35 injini ikiwa moto, inteki na ekzosti sawa. Kamu ya mashindano, fuata karatasi iliyokuja nayo.