Kitabu cha jometri cha skuli zetu: kibadilishwe au kiachwe?

Mzazi, Wete:
Asalaam alaykum jamani. Hili limenikaa moyoni na kila nikilisema barazani naambiwa hesabu ngumu tu, ndo zilivyo. Mimi sikubali. Binti yangu yuko kidato cha pili, skuli siitaji, juzi baada ya Isha kanijia na kitabu chao wamefika kwenye Pithagorasi, ile kanuni ya pande tatu za pembetatu yenye pembe mraba, baba nisaidie. Nikakifungua. Juu kabisa kuna kisanduku cha rangi, ndani yake a² + b² = c², chini mfano, chini tena mfano, halafu maswali mpaka ukurasa wa pili unakwisha. Nikamuuliza hii imetoka wapi? Akanambia baba imeandikwa tu, tunaihifadhi.

Sasa mimi fundi wa kujenga, kitu hichi nakitumia kila nikitoa msingi. Nikachukua kamba ya katani nikaiunganisha ncha, nikaipiga mafundo 12 yenye nafasi sawa, nikamkamatisha yeye fundo moja, mdogo wake jengine, na mimi la tatu, upande mmoja nafasi tatu, mmoja nne, mmoja tano, tukaivuta pale uani kwa taa ya simu. Akachukua kitabu chenyewe akaweka kona ya jalada kwenye pembe, ikaingia sawasawa. Tukarudi ndani akachora kwenye karatasi ya vijumba, kila upande akaujengea mraba wake akahesabu, 9, 16, 25. Akanyamaza kidogo kisha akasema "kumbe hizi mbili zinaijaza ile kubwa". Hakuna alomfundisha maneno hayo.

Ndo nauliza, kitabu ambacho mtoto akikaa nacho peke yake usiku hakimuoneshi kitu kimetoka wapi tunakinunulia nini? Halafu vifaa, skuli yao ina bikari kubwa ya ubaoni na protrakta ya mbao, zimefungiwa kabatini zisije zikavunjika. Na michoro nayo, pembe imeandikwa nyuzi 60 mtoto akiweka protrakta yake anapata 75. Mi nasema kibadilishwe.

Mwalimu wa hesabu, Unguja:
Waalaykum salaam mzazi. Ya kamba nimeyapenda, ila kitabu unakionea. Michoro kutokuwa kwa vipimo ni makusudi, na kwa kawaida huandikwa hivyo pembeni, maana mchoro ukiwa sahihi mtoto anachukua protrakta anapima anakuletea jibu, hajafikiri kitu. Mimi namtaka aseme pembe hii ni 60 kwa sababu ile ni 120 na zote ziko kwenye mstari mmoja. Hiyo ndo jometri khasa, kupima ni kazi ya fundi, bila ya kukuvunjia heshima.

Na tusisahau hali yenyewe. Tunakwenda kwa mikondo miwili, wengine asubuhi wengine mchana, kipindi dakika 40, darasa langu lina watoto 70 na kitu, bikari zinazoshika penseli nnazo tisa. Nikianza kugawa kamba kipindi kimekwisha na bado sijaita majina. Kile kisanduku unachokilaumu ndo kinachoniokoa. Tena mtihani wa kidato cha nne ni wa Baraza la Mitihani la Tanzania, mtoto wa Micheweni na wa Mwanza wanakaa karatasi moja, tukijichagulia kitabu chetu wenyewe kikaruka mada nani atabeba lawama? Mtaniambia mimi.

Mwanafunzi wa ualimu, Chake:
Samahani wakubwa zangu, naona nyote mnasema kweli ila mnazungumzia watoto wawili tofauti. Kuna walimu wawili wa Kiholanzi, mke na mume, Dina na Pierre van Hiele, mwaka 1957 walieleza kuwa mtoto anaipanda jometri kwa ngazi, kwanza anaona umbo zima tu, hii pembetatu hii duara, kisha anazijua sifa zake, kisha anaanza kuona sifa hii inaleta ile, ndo baadae anathibitisha. Mwalimu akisema kutoka ngazi ya juu na mtoto yuko chini hawasikilizani hata wakitumia lugha moja. Kwa hiyo mchoro usio na vipimo ni sawa kwa aliyekwisha kupanda, lakini kwa mtoto ambaye bado anaamini macho yake, ukimpa 60 inayoonekana 75 unamwambia macho yake ni ya uongo kabla hujampa kitu chengine cha kushika. Hapo mi nakilaumu kitabu, kinaanzia ngazi ya tatu.

Na lugha mbona hamuitaji? Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilipeleka hesabu na sayansi kwenye Kiingereza kuanzia darasa la tano, mi mwenyewe nimepita humo. Pembetatu za similari na za kongruwenti nilizichanganya miaka miwili mizima mpaka dada mmoja wa tuisheni akanambia hizi zinafanana, hizi zinalingana. Basi ikakwisha siku ile ile. Mtu na mwanawe wanafanana, sahani mbili za seti moja zinalingana. Kiswahili kilikuwa nacho zamani na hakuna alonambia. Sisemi kitabu kizima kigeuzwe, lakini kila mada ikianza kingeweka nusu ukurasa wa Kiswahili, mtihani ukabaki ulivyo.

Maalim mstaafu, Chake:
Nimesomesha hesabu mpaka nikastaafu, nami sitaki kitabu kibadilishwe. Vitabu vimekuja na kuondoka mbele ya macho yangu, kila kipya kina rangi zaidi na kisanduku kile kile. Nitakupeni mfano wa mada ya dunia kama tufe, latitudo na longitudo. Maswali yake kila siku ni miji ya mbali, London na Accra, mtoto anahesabu bila ya kuiona kokote. Mimi nilikuwa naifuta miji ile naandika Chake Chake na Makka.

Chake iko kama nyuzi 5 dakika 15 kusini, Makka nyuzi 21 dakika 25 kaskazini, na longitudo zao zinapishana dakika chache tu, Makka iko karibu 39 na dakika 49 mashariki na sisi 39 na dakika 46. Jumlisha latitudo unapata nyuzi 26 dakika 40, nyuzi moja ina dakika 60 na kila dakika ni maili moja ya baharini, jawabu maili 1600 kamili, zidisha kwa 1.852 ni kilomita 2,963 hivi. Darasa lilikuwa linanyamaza. Kisha mmoja lazima aulize, maalim, ndo maana sisi tunaswali tumeelekea kaskazini? Ndio mwanangu, ndo maana. Kitabu ni kile kile, nilibadilisha majina mawili tu.

Mzazi, Wete:
Maalim hilo la Makka limenigusa, ntamuonesha binti leo leo. Lakini naomba unielewe, wewe ulikuwepo darasani. Binti yangu hakukupata wewe, alokupata ni wanafunzi wako. Wengi wana kitabu na taa, basi, na baba zao si wote mafundi. Ndo maana nang'ang'ania kitabu kiwe na hayo ndani yake. Hilo la ngazi nimelikubali, mwalimu nawe nimekuelewa kuhusu michoro, basi iwe sahihi vidato vya mwanzo kisha iachwe. Na kabla ya kununua, mada moja ipelekwe kwanza kwenye skuli mbili tatu, moja iwe ya shamba, mtoto apewe ende nayo nyumbani, asubuhi aulizwe kitu kimoja tu, hii imetoka wapi? Wakishindwa kujibu wengi kisinunuliwe, hata kiwe na jalada zuri vipi.

Mwalimu wa hesabu, Unguja:
Hilo la kukijaribu kwanza nakuunga mkono mia kwa mia, sisi walimu huletewa vitabu vikiwa vimeshachapwa. Kisanduku changu sikiachi lakini kinaweza kukaa mwisho wa mada badala ya mwanzo, sikuwahi kulifikiria. Mzazi, hebu nambie, mafundo uliyapishanisha kiasi gani? Jumatatu nna vipindi viwili vya kuungana na uwanja upo, nataka kuwagawa makundi manane.

Mzazi, Wete:
Nusu mita kila nafasi, kwa hiyo mita sita kila kundi na kidogo ya kufungia. Usichukue ya nailoni maalim, inavutika, pembe itakupotea.