Mandvi, Kutch: nimenyimwa chumba kwa sababu ya Form C

Binti Mkunazini, Rajkot

Ndugu zangu, assalamu alaikum. Mwishoni mwa juma nilikwenda Mandvi, mji wa pwani huku Gujarat, India, kutazama majahazi yanavyoundwa kandoni mwa mto Rukmavati, na kila nyumba ya wageni niliyobisha hodi karibu na soko ilinigeuza mlangoni. Mwenye nyumba mmoja, mzee mwenye adabu zake, aliifungua pasipoti yangu, akaitazama viza kwa muda mrefu, kisha akanirudishia kwa mikono miwili na kusema kwamba yeye hakusajiliwa kutuma Form C, ile fomu ya kuiarifu serikali kwamba umemlaza mgeni, hivyo hawezi kumlaza mgeni kutoka nje ya nchi. Ofisi niliyoiendea kuomba maelekezo ilinijibu kwamba jambo hilo hushughulikiwa makao makuu ya wilaya, ambako saa za kazi zilikuwa zimekwisha kupita. Naomba kujua: mwenye RP (kibali cha ukaaji) halali ya mwanafunzi akilala nje ya mji wake, bado anahitaji Form C? Na nikilala kwa wazazi wa mwanafunzi mwenzangu, nani anayepaswa kuituma?

Kaka wa Pune

Dada, RP na Form C ni mambo mawili tofauti, na hili limekwisha kuelezwa humu mara nyingi. RP yahusu ukaaji wako. Form C ni wajibu wa anayekulaza, naye hupewa saa 24 tangu ufike. Wenye nyumba ndogo wanaikwepa kwa kuwa hawataki usumbufu wa kuulizwa, wala si kwamba wanakuchukia.

Ama kuhusu safari yenyewe, usihangaike na mabasi ya mbali. Panda treni ya Kutch Express au Sayajinagari jioni, ulale, uamkie Bhuj, kwa maana treni hizo zinaishia huko na reli haifiki Mandvi. Kutoka Bhuj zimebaki kama kilomita 60, na utachagua kati ya basi la serikali, yaani ST, na jipu za abiria zinazoondoka zikijaa. Ukikosa nafasi ya kawaida, kata Tatkal, tiketi ya haraka inayouzwa siku moja kabla, kwenye simu yako asubuhi ya siku iliyotangulia.

Mama wa Vadodara

Mwanangu wa Pune, unamwelekeza mwenzako kwenye ukuta. Tangu Julai 2025 Tatkal ya mtandaoni inataka akaunti iliyothibitishwa kwa Aadhaar, kitambulisho cha huku India, na wengi wetu hatuna. Tena unamwelekeza kama kwamba anatoka Mumbai, ilhali amesema yuko Rajkot, na watu wengi wa Rajkot huenda Bhuj kwa barabara. Kwa wanaotoka huku kwetu, dirisha la Tatkal hufunguliwa saa nne asubuhi kwa mabehewa ya AC na saa tano kwa sleeper, yale ya kulala yasiyo na AC. Mimi nilipata RAC, tiketi ya kugawana kitanda, maana yake nilikaa usiku kucha kwenye kitanda cha pembeni nikigawana na bibi mmoja wa Gandhidham aliyekuwa na ndoo ya samli miguuni, na hakuna kati yetu aliyenyoosha mguu hadi alipoteremka.

Kaka wa Pune

Mama, shikamoo. Aadhaar hata mgeni hupewa, mradi awe amekaa India siku 182 au zaidi ndani ya miezi 12. Mwanafunzi wa mwaka wa pili asiyenayo ni mvivu tu wa kufuatilia.

Mama wa Vadodara

Marahaba. Inapatikana kwenye maandishi. Nenda na barua ya chuo, RP na pasipoti, kisha utueleze karani alikuambia nini.

Mzee wa Kibokoni, Jamnagar

Wanangu, nimesoma yote haya nikakumbuka Mombasa. Ukifika pale mtoni asubuhi utawakuta mafundi wakitia kalafati, wakisukuma pamba katika maungio ya mbao kwa patasi butu na nyundo, na mlio ule ule niliusikia utotoni Bandari ya Kale wakati majahazi ya Kutch yalipokuwa bado yakija na kaskazi. Tharia Topan, aliyekuwa tajiri mkubwa Zanzibar na ambaye jengo la zahanati ya zamani pale Mizingani lilianzishwa kwa mali yake, kwao kulikuwa Kutch. Sokoni Mandvi nilikutana na mama muuza bangili aliyeniuliza kwa Kiswahili safi kama bado watu wanauza urojo jioni. Familia yake iliondoka Unguja baada ya 1964, na sisi tuliobaki tulijidai kwamba walikuwa wapita njia.

Kaka wa Pune

Mzee, kwa heshima zote, hayo ya 1964 yatatufikisha pabaya, na wengine humu wana maoni tofauti sana. Dada aliuliza habari ya chumba.

Mzee wa Kibokoni, Jamnagar

Chumba na alale Bhuj. Hoteli za pale zimezoea wageni wanaokwenda jangwa la chumvi, na Form C wanaituma wenyewe bila kuulizwa. Asubuhi apande ST, ashuke Mandvi, ale dabeli, ule mkate wenye viazi vya viungo, palipoanzia dabeli, na kwa kwenda jumba la kifalme la Vijay Vilas akodi bajaji ya peke yake, kwa sababu chhakdo, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya abiria, itamlaza barabarani ikingoja abiria.

Binti Mkunazini, Rajkot

Nawashukuru nyote, na Mzee shikamoo. Bhuj nitalala. Lakini kwa wazazi wa mwenzangu je? Baba yake ameniambia niende tu, kwa kuwa mimi ni mgeni wa nyumbani wala silipi, na sitaki aje kuulizwa na mtu yeyote kwa ajili yangu.

Mama wa Vadodara

Mwanangu, kabla hatujafika huko: hiyo RP yako inaisha lini? Mwaka huu majibu ya e-FRRO, ofisi ya mtandaoni ya kusajili wageni, yanachelewa, na mimi wamenirudishia maombi kwa sababu ya mkataba wa nyumba usio na muhuri.